Nyamazeni Kwanza, Tumjue Muuaji

Mimi madai yangu ni madogo. Mtu kauawa, polisi wameitwa, mpelelezi kafika, dakika 90 zinakwenda. Zikiisha nataka kujua nani kaua. Sidai kochi lote liwe langu, sidai karanga, wala sidai king'amuzi kilipiwe na mtu mwingine. Nataka jina la muuaji na, ikiwezekana, sababu iliyompeleka. Katika nyumba yangu hilo limeshindikana, na chanzo ni Vera.

Kwa asiyemfahamu: Vera Stanhope ni mpelelezi wa polisi huko Northumberland, kaskazini ya Uingereza, mahali ambapo ukisogea tena kidogo unaingia Scotland. Alibuniwa na mwandishi Ann Cleeves katika riwaya iliyotoka mwaka 1999, kisha kituo cha ITV cha kulekule kikamwonyesha kuanzia 2011 hadi Januari 2025, misimu 14. Anayemwigiza ni Brenda Blethyn, aliyezaliwa 1946, hesabu mwenyewe. Alianza kufukuza wauaji akiwa na miaka 65, umri ambao huku kwetu mtu ameshastaafu, kiinua mgongo kimeshaliwa, na sasa anagombea rimoti na wajukuu.

Vera ana koti la mvua ambalo halijawahi kuonana na pasi, na kofia ya kitambaa iliyomfunika mpaka kwenye nyusi. Anaendesha Land Rover ya zamani. Anaishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na baba yake, na huyo baba alikuwa mwizi wa mayai ya ndege adimu. Naam, mayai. Huko wapo watu wanaoiba mayai bila nia yoyote ya kuyakaanga. Hana mume, hana mtoto, kinywaji hakimpigi chenga, na moyo unamsumbua lakini maneno ya daktari hayasikii. Akikutazama na vijicho vile chini ya kofia, utasema ukweli wote, hata ule unaomhusu jirani.

Mimi nimeyamaliza kwa aya moja. Nyumbani kwangu bado yanajadiliwa.

Aliyeleta balaa ni mpwa wangu, aliyefika na flashi na kusema, "Mjomba, hii utaipenda, haina risasi nyingi." Kweli haina. Ni mama mtu mzima anauliza maswali, watu wanadanganya, yeye anakumbuka walichosema tangu mwanzo. Nikaona hiki ndicho kitu changu. Kosa la mpwa ni kuichomeka kwenye televisheni ya sebuleni, tena Jumapili usiku, mbele ya mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Unguja, na kwenye mambo ya televisheni hapokei ushauri wa mtu wa bara. Anayo hoja, na sijapata wa kunisaidia kuivunja: Zanzibar walianza kutazama televisheni, tena ya rangi, mwaka 1974. Sisi wa bara tukangoja mpaka 1994. "Miaka 20 yote hiyo," huwa anasema, "nyinyi mlikuwa mkitazama ukuta." Basi likizuka bishano lolote mbele ya kioo, liwe la mpira au la taarifa ya habari, mwenye cheo ni yeye.

Usiku ule Vera alishuka garini ufukweni, upepo unavuma, maiti iko mchangani chini ya hema jeupe. Macho yangu yako kwenye maiti, kwa sababu maiti ndiyo kesi yenyewe. Macho ya Mama yako kwenye koti.

"Mkwe, huyu bibi hana mtu?"

"Mtu wa namna gani, Mama?"

"Wa kumwambia. Mwanamke mzima, na cheo chake, anatoka nyumbani na koti lile! Hana hata dada?"

Nikamweleza kwamba kule kuna baridi.

"Baridi haikatazi pasi," akasema Mama, na nilipogeuka tena kwenye kioo maiti ilikuwa imeshaondolewa. Nilikosa daktari aliyeeleza amekufa saa ngapi. Mtazamaji yeyote wa tamthilia za polisi anajua kwamba ukikosa saa ya kifo umekosa kila kitu. Yanayobaki ni watu kunywa chai na kukana.

Mke wangu akaingilia kati. Nikashukuru, nikidhani kaja kuniokoa. Akasema tumwache mama wa watu na koti lake, nguo si hoja. Hoja ni kwamba akirudi usiku nani amempikia? Hapo wakaanza kumchunguza Vera upya, mama na binti, kwa ukali ambao Vera mwenyewe hawatendei watuhumiwa. Kala chipsi garini. Kala keki ofisini. Chai hiyo ya ngapi? Moyo ule na mafuta yale! Mama akataka kujua kama yule kijana msaidizi wake, anayemfuata kila mahali na daftari, hawezi hata kumletea tunda. Wakati huo Vera alikuwa ameshahoji watu wawili, na mmoja wao, nilivyokuja kuambiwa baadaye na mwanangu wa darasa la tano, ndiye aliyeua.

Juu ya hayo, mimi ndiye mkalimani. Kiingereza cha Northumberland hakikupita shuleni kwetu. Shemeji yangu, aliyekaa London na hakosi kutukumbusha, naye alitega sikio mwanzo wa sehemu ya kwanza, halafu akasingizia sauti ya televisheni. Mimi nafuata maandishi ya chini, namgeuzia Mama, Mama anauliza tena, namgeuzia tena, na huku muuaji anakiri kwa mtu mwingine.

Mama akishakwenda kuswali Isha, nafasi yake inachukuliwa na Afande.

Afande ni jirani wa nyuma, polisi mstaafu, mtu mwema sana ukikutana naye dukani. Huja "kusalimia dakika mbili" na hukaa mpaka majina ya waigizaji yapite. Yeye koti halimsumbui. Kinachomsumbua ni utaratibu. Kwanza alitaka tuelewane kuhusu cheo. Vera yuko juu ya mkaguzi na chini ya mrakibu. Kwa ngazi za polisi wetu hapo ndipo anapokaa Mrakibu Msaidizi. Tulipokubaliana, nikajuta.

"Mrakibu Msaidizi mzima anaendesha gari mwenyewe? Dereva yuko wapi?"

"Huko wanaendesha wenyewe, Afande."

"Na hawa vijana mbona wanaongea naye wamekaa? Saluti hamna?"

"Wamevaa kiraia."

"Kiraia ni nguo. Saluti ni mkono."

Afande anawakumbuka kwa namba askari wa kike aliofanya nao kazi, WP fulani na WP fulani, na anaapa kwamba hakuna kati yao ambaye angekubali kupanda lile gari kabla halijaoshwa. Anahesabu makosa ya Vera kwa vidole na anaishiwa vidole kabla ya tangazo la kwanza. Kaingia nyumba ya watu bila hati. Kashika kielelezo. Kamhoji mtoto bila mzazi. Halafu hakuna anayeandika! Upelelezi, anasema Afande, ni jalada, na katika tamthilia nzima hajaliona jalada hata moja lililoshonwa likakaa vizuri. Siku Vera alipomkabili mtuhumiwa kwenye boti na mtu akafunguka akasema yote, mimi nusura nisimame kwa furaha, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa namsikia muuaji kwa masikio yangu. Afande akapiga goti lake.

"Maelezo ya onyo yako wapi? Wakili yeyote anailipua hiyo kesi kabla ya saa nne asubuhi."

"Lakini amekiri, Afande."

"Amekiri kwa nani? Kwa upepo! Na mlalamikaji alipewa RB?"

"Afande, mlalamikaji ndiye marehemu."

Akanyamaza akiitafakari hiyo. Lakini alikuwa ameshafunika sababu ya mauaji kwa sauti yake, na mpaka leo sijui yule bwana wa boti aliua kwa ajili ya urithi au kwa ajili ya mke.

Nimtendee haki, lipo jambo moja Afande analosema nami namuunga mkono kwa mikono miwili. Kwa nini Vera huenda peke yake? Simu anayo. Vijana anao, ofisi nzima, wanakunywa kahawa. Ameshamjua muuaji, tumebaki na dakika kumi, na yeye anawasha Land Rover usiku kwenda kwenye banda la kondoo milimani, amuulize muuaji ana kwa ana kama ni yeye. Mwanamke wa miaka 70, moyo mbovu, ngazi ya banda imeoza. Hapo hata Mama huacha habari za koti na kupiga kelele, "Mwite yule kijana!" Vera haiti mtu. Steringi hafi, hilo tunalijua tangu filamu za Kihindi, lakini angalau asitutie presha wenzake.

Kingine kinachomshangaza Afande ni kasi. Magazetini tumezoea sentensi moja, nayo tunaijua kwa moyo: upelelezi haujakamilika, kesi imeahirishwa. Vera hajawahi kuahirisha. Maiti inaonekana alfajiri, na kabla maji ya kuoga hayajapoa mtu yuko ndani. Afande anasema hiyo si polisi, hiyo ni ramli.

Nadhani ningevumilia yote haya kama nisingekumbuka Columbo.

Sebule ni hiihii, kochi ni hilihili, watu ni haohao. Tulikuwa na mikanda ya Columbo, yule mpelelezi wa Los Angeles, na tuliitazama mpaka ikaanza kulia. Na Columbo alivaa nini? Koti la mvua! Limekunjamana kuliko la Vera, tena lilikuwa la Peter Falk mwenyewe, mwigizaji, alilichukua nyumbani kwake akaenda nalo kazini. Gari lake lilikuwa bovu kuliko Land Rover yoyote. Alidondosha majivu ya sigara kwenye mazulia ya matajiri. Mama alisema nini kuhusu koti lile? Alisema, "Huyu mjanja. Anajifanya fukara ili wamdharau." Koti la mwanamume likawa mbinu ya kazi.

Na mke? Columbo anamtaja mke wake kila anapopumua: mke wangu anapenda hiki, mke wangu alisoma kile. Katika mfululizo wake hatukumwona huyo mke hata kivuli. Hakuna aliyeuliza yuko wapi. Hakuna aliyeuliza kwa nini hapigi pasi. Mke wa kutajwa tu alitosha kumpa bwana heshima. Na Derrick, yule Mjerumani wa Munich, alikwenda sehemu 281, kutoka 1974 hadi 1998, na mimi sikumbuki mtu hata mmoja aliyesema maskini, sijui anakula wapi.

Siku moja nilijikaza nikamuuliza Mama tofauti iko wapi kati ya Columbo na Vera, maana wote wana koti moja, gari moja, maswali yaleyale.

"Columbo yuko kazini," akasema.

"Na Vera?"

"Vera anateseka."

Nilijaribu kumvuta kwa historia. Nilisoma kwamba mtayarishaji, Elaine Collins, aliiokota riwaya ya Cleeves kwenye duka la vitu vilivyotumika la Oxfam, alipokuwa akitafuta cha kusoma likizoni, na kutokana na kitabu kile ndipo tamthilia ikazaliwa. Nikaona kisa kitamu hiki kitamfanya Mama aheshimu kazi ya watu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma. "Unaona? Hata mwenyewe katoka mtumba."

Msidhani ni sebule yangu tu. Maoni ya watazamaji, na ya wanaodai kujua maoni ya watazamaji, yamewahi kumkosesha mtu kazi na yamewahi kufufua maiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani walileta Cagney na Lacey, wapelelezi wawili wanawake wa New York kwenye gari moja. Ilianza kama filamu mwaka 1981, mwaka uliofuata ikawa mfululizo wa CBS. Baada ya sehemu chache wakubwa wa kituo wakaona wanawake hawa wamezidi ugumu, hawana ulaini wa kutosha. Wakamwondoa Meg Foster, aliyeigiza Cagney, wakamleta Sharon Gless. Yaani wale mabwana walikuwa na Mama wao mahali fulani ofisini. Mwaka 1983 wakaifuta kabisa. Ndipo barua zikaanza kumiminika kutoka kwa watazamaji, kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1984 ikarudishwa hewani, ikaendelea hadi 1988. Na kuanzia 1983 mpaka 1988, miaka sita mfululizo, tuzo ya Emmy ya mwigizaji bora wa kike wa tamthilia haikushuka kutoka kwenye gari lile la polisi: Tyne Daly mara nne, Sharon Gless mara mbili. Mimi nasema hivi: waliokaa chini wakaandika barua, wakanunua stempu, wakaenda posta, hao ndio watazamaji. Walishatazama, wakanyamaza, wakamaliza, ndipo wakatoa maoni. Hicho ndicho ninachoomba, mpangilio.

Nikajaribu pia kuwaonyesha Prime Suspect, nikiamini kwamba Jane Tennison atawanyamazisha. Ni ya mwaka 1991, Helen Mirren ndiye mpelelezi, na Lynda La Plante aliiandika baada ya kukaa na afisa wa kweli wa upelelezi wa London, Jackie Malton, akamweleza jinsi wanaume wanavyomfanyia mwanamke mwenye cheo ofisini. Tennison anakabidhiwa kesi ya mauaji, na wale mabwana wote wanakaa kusubiri ateleze. Lo, Mama aliwaka! Alisimama upande wa Tennison kuliko mwanasheria. "Mwacheni mtoto wa watu afanye kazi!" Nikajua tumefika. Halafu Tennison akawasha sigara, kisha nyingine, yule bwana wake akakosa chakula mezani, na Mama akahama upande wa pili na virago vyake vyote. Nilipomwambia kwamba Mirren alimaliza upelelezi mwaka 2006 na mwaka huohuo akaonekana sinemani akiwa Malkia Elizabeth, Mama akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Hatimaye kapata kazi ya kukaa."

Ile ya Wadenmark sijathubutu kuileta. Mpelelezi ni Sarah Lund, mwaka 2007, binti mmoja kauawa, na kesi inavutwa sehemu 20. Waingereza walipoonyeshwa mwaka 2011, mazungumzo yakahamia kwenye sweta la Lund, sweta la sufu kutoka visiwa vya Faroe, na watu wakaanza kulisaka madukani. Binti wa watu kalala mochwari, wao wanauliza sweta bei gani. Nikilileta sweta lile Tanzania, mbele ya Mama, hatutafika sehemu ya pili.

Tena kila mmoja nyumbani ana njia yake ya kumtafuta muuaji, na hakuna hata moja inayohitaji kusikiliza. Mke wangu hutafuta sura. Anasema katika kila sehemu yupo mwigizaji mmoja anayefahamika, kapewa maneno mawili tu mwanzoni. Huyo hawakumlipa nauli aje kunywa chai, ndiye. Mara nyingi yuko sahihi, jambo linaloniudhi zaidi. Shemeji husema ni mume. Asipokuwepo mume, ni mume wa zamani. Siku marehemu alipokuwa padri, shemeji alikaa kimya usiku kucha. Mama humtuhumu anayekataa chai. Mwanangu huangalia mwisho kwenye simu ya mama yake, kisha anakaa pale akitabasamu, na tabasamu la mtoto anayemjua muuaji linachosha kuliko mbu.

Mimi njia yangu ilikuwa kufuatilia ushahidi. Nimeiacha.

Nina maoni pia, ingawa hakuna aliyeyaomba. Northumberland ni mkoa wa kondoo, majumba ya kale na ufukwe mrefu usio na watu. Uzuri wake unaonekana hata kwenye televisheni yetu yenye mstari wa kijani pembeni. Lakini maiti zake! Katika kila sehemu maiti moja haitoshi. Ikifika katikati, mtu aliyekuwa karibu kusema ukweli naye anakutwa chini ya daraja. Hao wakazi wote wanatoka wapi? Kwa mwendo ule wangebaki kondoo na Vera. Na mbona mtu akigundua jina la muuaji hapigi simu akalitaja? Anasema, "Siwezi kulizungumza kwenye simu, tukutane kesho." Kesho gani, ndugu yangu? Hujatazama hii tamthilia? Hilo ningelipigania kwenye sebule yoyote, kama ningepewa nafasi ya kuongea kwenye yangu.

Ilipofika Vera ya mwisho, nilidhani nyumba itapoa. Mama alikaa kimya kuliko kawaida, hata Afande alikuja na kiti chake. Majina yalipoanza kupita, Mama akauliza lile koti wamemwachia nani. Nikamwambia sijui. Akasema wasilitupe, ni zito, lina kazi bado. Mke wangu akanitazama akafuta jicho. Wanawake hawa walimsema bibi wa watu misimu 14, leo wanamlilia, na mimi muuaji wa sehemu ile ya mwisho sikumpata, kwa sababu kwenye kumtaja jina Afande alikuwa anawaeleza mafao ya afisa anayestaafu katika cheo kile.

Basi nikaona nibadili jiko. Nikatafuta ya karibu. Wakenya wanayo Crime and Justice, ya mwaka 2021, kazi ya Showmax na Canal+, wapelelezi wawili wa Nairobi: Makena, anayeigizwa na Sarah Hassan, na Silas, anayeigizwa na Alfred Munyua. Hapa koti la mvua hakuna. Ukalimani hakuna, Kiswahili kipo na Kiingereza cha kueleweka kipo. Makena ni kijana, nadhifu, anajua kazi. Nikakaa nimekunja nne, nikisubiri mtu atafute kasoro.

"Mzuri mno," akasema Mama.

"Si ndiyo vizuri?"

"Jambazi gani atamwogopa? Na nywele zile, muda wa saluni anaupata saa ngapi, na maiti zote hizi?"

Mke wangu akasema mtoto huyu anamkumbuka, si ndiye alikuwa Tanya kwenye Tahidi High? Kweli, ndiye. Mara wakahama Nairobi ya mauaji wakaenda shule ya sekondari, nani alikuwa anampenda nani, nani alihama, yule mwingine siku hizi yuko wapi. Afande akasema hawa ni majirani zetu na yeye hana la kusema kuhusu polisi wa nchi nyingine. Kisha akasema. Alianza na OB, ambayo ndiyo RB ya kwao, akaenda kwenye kofia zao, akamalizia na swali la kama Makena na Silas ni sawa kicheo, na kama si sawa nani anabeba mizigo. Shemeji akasema kaua mume. Kwenye kioo walikuwa hata hawajampata marehemu.

Nimenunua hedifoni za kuchomeka masikioni. Muuzaji pale mtaani alinihakikishia kwamba zinazuia kelele zote za nje, nikamwambia kelele zangu ni za ndani, akacheka, mimi sikucheka. Nikahamishia tamthilia kwenye kompyuta ya mwanangu, nikasubiri nyumba itulie, nikatoka nayo barazani, nikaizima taa ili Afande asione. Vera wa msimu wa kwanza, tangu mwanzo. Hema jeupe lile, mchanga ule. Daktari akainama juu ya maiti, akafungua mdomo aseme saa ya kifo.

"Mkwe, umeanza bila mimi?"

Mama alikuwa na kanga yake ya usiku na kikombe cha tangawizi. Akavuta kigoda. Akanyoosha mkono akachomoa hedifoni ya sikio la kushoto, akaifuta kwa pindo la kanga, akaichomeka kwenye sikio lake. Waya wenyewe mfupi, na mtu na mama mkwe wake wana adabu ya umbali wa kukaa. Basi mimi nimejipinda upande mmoja wa baraza, shingo imekazwa, kioo nakiona nusu. Upande wa pili Mama yuko mbele ya kioo kizima, anaelezwa saa ya kifo kwa Kiingereza asichokijua.

"Kasema nini?"

"Sikusikia, Mama. Imetokea upande wako."